Yapa ya Doña Primitiva

Doña Primitiva Condori ungemjua kwa sauti kabla hujamtia machoni. Miaka yote aliyouza viazi katika soko la La Cancha, hapa Cochabamba, hakuna mteja aliyeondoka kwake bila yapa: kiazi kimoja cha nyongeza, bure, cha mapenzi tu. Ukirudi mara ya pili wewe ni casera wake, naye ni casera wako. Muuzaji na mnunuzi mnaitana jina moja, na hapo ndugu yangu hununui tena kwingine.

Magoti yalipomgomea, akaacha soko, akashika charango, kigitaa chake cha nyuzi kumi. Binti yake Yobana akamtengenezea programu ya simu ya kufundishia kukipiga, wanafunzi wakaanza kulipia masomo mwezi kwa mwezi, wengi wao watu wa kwetu waliohamia Hispania. Raha iliyoje! Ila katika kila mia, duka la mtandaoni linalouza programu hizo lilikata thelathini, kila mwezi, bila kuchoka.

"Wezi!" alifoka Doña Primitiva.

"Nawe mama! Bila wao mtu wa Madrid angekuonea wapi? Ndani ya gunia la viazi?"

"Siku ya kwanza wachukue, sinung'uniki, wamemleta. Lakini akirudi, anarudi kwa nani? Sokoni nilimlipa mwenye kibanda kodi yake, basi. Hakunitia mkono mfukoni kila casera wangu aliporudi!"

"Wanapokea malipo, wanazuia matapeli..."

"Kwa thelathini? Hata mjomba wako, mlafi yule, hali hivyo!"

Yobana alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamwonya: ukisema ndani ya programu kwamba nje kuna nafuu, unafungiwa. Mama akaapa kwa Bikira wa Urkupiña kwamba mdomo wake ataufunga.

Lo, mazoea yana taabu! Aliporekodi somo jipya, mwishoni kabisa, vidole vikiwa bado kwenye nyuzi, maneno yakamtoka yenyewe: "Casera, njoo ununue kwangu mwenyewe, nikupe yapa!" Yobana akalipandisha somo bila kulisikiliza hadi mwisho.

Kesho yake programu ilikuwa imeondolewa dukani.

"Mama, umetumaliza!"

Doña Primitiva alikaa kitako. Masomo hayo ndiyo yaliyowalisha wote wawili. Nani angehangaika kumtafuta nje ya duka? Yobana akafungua mtandaoni ukurasa wao wenyewe wa masomo na malipo, akashusha bei, akawaandikia wanafunzi wote. Wakangoja. Chai ya koka ikapoa mezani.

Simu ikalia. Ikalia tena. Halafu haikunyamaza!

"Mama! Wanakuja! Njoo uone, wanakuja!"

Walikumbatiana, wakacheza pale jikoni, sketi pana ya mama ikiangusha vifuniko vya masufuria, naye akipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Ghafla Yobana akakunja uso.

"Ngoja. Huyu mwanafunzi wako, nesi wa Madrid, amekosea, amelipa kupita bei. Na huyu naye. Na huyu!"

"Warudishie upesi! Nisije nikaitwa mwizi na mimi."

Yobana akamwandikia nesi. Jibu lilirudi papo hapo, akamsomea mama kwa sauti:

"Sijakosea. Hiyo ni yapa yako, casera."

Doña Primitiva akajifunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti yake ileile ya sokoni.