Swali la Pili

Bwana anayewafundisha makarani wa meria, ofisi ya mji wa Likasi, kuchunguza magonjwa hubisha mlango kwa ukucha mmoja tu. Huuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Nani anakohola humu?", kisha huinua kiganja na kungoja, maana mdomo hukana na kifua kikauumbua. Kikohozi kikisikika, huuliza swali la pili: "Tangu lini?" Suzanne, karani mpya, amekwisha kukizoea kiganja hicho. Leo bwana alibisha mlango wa nyumba iliyofungwa kwa kufuli lenye kutu.

"Papa, humu hamuna muntu," Suzanne, aliyehudhuria mazishi yao, alinong'ona. "Bote tulibazika."

Kiganja kiliinuka vilevile. Nyuma ya mlango, mtu alikohoa.

Bwana hakushtuka. Alimsogeza Suzanne mbele, taratibu.

"Sasa weye, mama. Uliza swali la pili."