Ng'ombe wa Ukutani Oldeani

Kwa asiyeijua kazi yangu, naieleza hivi: ili ng'ombe wa katuni apige hatua moja, namchora mara kumi na mbili, kila mara nikiusogeza mguu kidogo sana. Nikizipitisha karatasi haraka, jicho linadanganyika, ng'ombe anatembea. Mwenye subira yeyote anaweza, hata wewe. Ila subira hiyo unakaa nayo peke yako. Hapa Karatu zinaweza kupita siku tatu sijaongea na mtu isipokuwa muuza maziwa, naye huchungulia mezani na kuuliza, "Bado ni yule yule wa juzi?"

Naandika pia historia ya katuni zetu, na ndiyo iliyonipeleka Oldeani. Nilisikia kwamba kibarua mmoja wa shamba la kahawa, sasa marehemu, aliwahi kuchora filamu nzima, ikaishia kwenye karatasi. Nilitaka kujua kama kweli kuna mtu aliyeifanya kazi hii huku kabla yangu.

Binti yake, mama wa makamo, alinikaribisha jikoni akichambua maharage.

"Karatasi zake? Hizo hapo, tulizibandika ukutani kuzuia baridi. Maskini baba! Ng'ombe yule yule miaka nenda rudi, asimpatie. Mama alikuwa anamwambia, si ununue picha tu?"

Nikausogelea ukuta. Chini ya masizi, kila karatasi ilikuwa na matundu mawili ukingoni, ya kuishikilia isihame wakati wa kuchora. Zangu zinayo pia.

"Mbona unazikodolea macho, mwanangu? Nawe ng'ombe huyo amekushinda?"

"Mama, hakuwa anakosea."

Nilizipiga picha moja moja, nikifuata namba ndogo alizoandika kwenye kona. Mchana nikazipanga kwenye simu, nikakaa karibu na yule mama. Ng'ombe akainua mguu. Akatembea, mbavu zikihesabika, mpaka kwenye dimbwi. Akaanza kuinamisha shingo, akaganda.

Mama aliweka ungo chini. "Rudisha." Nikarudisha. "Na sisi tulikuwa tunamcheka," akasema. Kisha, "Mbona hanywi?"

"Karatasi za mwisho hazipo."

Akayatazama mafiga. "Tuliwashia moto." Akanigeukia. "Si wewe ni fundi? Mnyweshe."

Nikamweleza taratibu kwamba mwandishi wa historia hamwongezei marehemu hata mstari mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi simwombi mwandishi," akasema. "Namwomba mwenzake baba."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Picha za marehemu nimezihifadhi kama zilivyo, zikiwa na pengo lake. Pembeni nimeanza karatasi zangu, za kumpelekea mama yule. Jana muuza maziwa alichungulia kama kawaida.

"Yule yule?"

"Huyu si wangu," nikamjibu. "Ni wa mwenzangu. Zimebaki karatasi nne mdomo wake ufike kwenye maji."