Maharage ya Somo la Kiingereza

Juzi binti yangu alinisukumia kaye yake, daftari la Kiingereza. Mwalimu kawataka watenge maneno yanayohesabika na yasiyohesabika: amani, tamaa, furaha, huzuni. Nilicheka peke yangu hadi akanuna. Rafiki yangu, somo hilo mimi nililisoma hapa mtaani Ngezi wakati wa vita, shule zimefungwa, na nililisoma kwa maharage.

Jirani yetu alikuwa ameishi Uganda miaka mingi, akarudi na Kiingereza chake. Alitukusanya watoto wa mtaa kwenye parsele yake, yaani kiwanja cha nyumba yake, akawa anaandika kwa kaa kwenye ukuta wa nyumba, na kila mmoja wetu alikuja na maharage kiganjani. Akitaja neno linalohesabika, unaweka punje chini. Lisilohesabika, unakunja mikono. Somo likiisha, mkewe anazoa punje zote na kuzitia chunguni kwa kitunguu na mafuta ya mawese. Weye, harufu ile! Hata waliokosa kila jibu walishiba. Risasi zikilia upande wa pili wa mji, tulizidisha sauti tu.

Siku ya neno furaha tulibishana karibu tushikane mashati. Mwalimu akasema furaha yenyewe haishikiki, lakini ile iliyokufikia leo, ukajua imeanzia wapi, hiyo iwekee punje.

Maneno hayo yaliniingia. Mama alikuwa amekwenda mji wa Mongbwalu kuuza vitenge, na njia ikafungwa nyuma yake. Nyanya, tuliyebaki naye nyumbani, hakutaka tumuulize lolote. Niliogopa hatarudi, nakwambia kweli, niliogopa sana. Basi kila siku nilificha punje moja ya somo na kuifunga kwenye kitambaa: furaha moja ya kumsimulia mama. Mbuzi kavamia kilasi akala majibu yetu, punje. Nyanya kacheza huku anapepeta mchele, punje. Siku nyingine nilihangaika mpaka jioni kabla ya kuipata.

Akarudi asubuhi moja kwa miguu, amekonda, amevaa viatu vya kuazima. Nyanya alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Mimi nikammwagia mama kitambaa changu mapajani na kumweleza. Nusu ya punje zilikuwa zimetobolewa na wadudu, lakini alizipika zote. Zilipoiva, akaokota moja kwa vidole.

“Mutoto yangu, kwanza uniambie furaha ya hii, njo nitakula.”

Nikasimulia, akala. Nikasimulia, akala. Zile nilizosahau nilizitunga, na najua alijua, maana hizo ndizo alizozicheka zaidi.

Parsele ile sasa imejaa nyumba za matofali, mwalimu alihama na mkewe, na mama tulishamzika. Namkumbuka mno. Visa vingi nilivyomsimulia vimenitoka. Yeye bado namwona, punje iko karibu na mdomo, haili, ananingoja nimalize.