Mtani Kaburini

Siku ile ya mazishi ya baba yangu, pale Kilangala, bado naikumbuka, mwanangu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimepoa, lakini hofu ilikuwa haijapoa. Mtu aliyeitwa mchochezi hakuchelewa kufika kwenye kitanzi cha Wadachi.

Mimi nilikuwa kijana, karani wa akida, mtawala wetu chini ya Wadachi. Kazi yangu kuandika watu: jina, kijiji, kabila. Nikajiona mkubwa. Akili nyingi huondoa maarifa.

Kaburi lilipokwisha chimbwa, Mzee Makwinya, Mngindo, alishuka akajinyoosha ndani kama yuko kitandani kwake.

“Mmwera huyu alinilia kuku,” akasema. “Hashuki mpaka mnilipe. Na ile kanzu yake nimeipima, yanitosha.”

Wafiwa, machozi mashavuni, wakacheka. Shangazi yangu akaleta jogoo, Makwinya akatoka, kisha akampokea marehemu kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Utani wa Wamwera na Wangindo ndio huo. Lakini mimi niliona aibu. Nikaandika barua kwamba Mngindo mmoja anazuia maziko na kuwachochea watu, nikampa mjumbe ampelekee akida.

Alasiri askari wakamfunga Makwinya kamba. Alinitazama tu.

Shangazi akanivuta nyuma ya nyumba. Hakupaza sauti. Akanikumbusha kwamba wakati wa vita, nyumba zetu zilipochomwa, ni Makwinya aliyetuficha porini. Na njaa ilipoingia, mtama wake wa mwisho aliula na baba yangu.

“Kalamu yako inajua kabila la mtu,” akasema. “Haijui nani atamzika.”

Nikakimbia, mwanangu. Nikawakuta kwa akida, nikasema mbele ya watu wote kwamba barua ile ni uongo, nimeiandika kwa aibu na kiburi. Akida akanifukuza kazi pale pale, nami tangu hapo nimekuwa mtu wa njia, leo Lindi, kesho Mitole. Makwinya akafunguliwa. Tulipokuwa tunarudi akasugua vifundo vya mikono, akasema:

“Karani, umeninyima kulala bure kwa serikali. Kuku sasa wawili.”

Nikalia. Yeye akacheka mpaka akakohoa.

Nimetembea sana, nimekaa na Wamatumbi, Wamakonde, Wamachinga, na Wahindi wenye maduka, na kila nilikokwenda nimestaajabia utani huo. Wazee wetu hawakuwa na karatasi yenye mhuri, lakini katiba walikuwa nayo. Waliona kwamba makabila mawili yakikaa jirani yatagombana, basi wakayapa ruhusa ya kutukanana kwa kicheko, na wajibu wa kuzikana. Hata jumbe, mkuu wa kijiji, awe mkali vipi, huambiwa ukweli na mtani wake, naye hana ruhusa ya kukasirika. Serikali ya Wadachi ilikuwa na bunduki. Haikuwa na mtu wa kuthubutu kuiambia ukweli hivyo.

Basi ukipewa madaraka juu ya watu wa makabila mengi, usiwafanye wafanane, wala usitumie kabila la mtu kumfunga. Mwache aliye tofauti nawe akucheke, naye umcheke. Na kabla hujatia wino jina la mtu, uliza kwanza amemzika nani.

Mola akupe majirani wasiokuogopa, na siku yako ikifika, asikosekane mtani wa kukupokea kaburini.