Pengo Katika Wimbo wa Zuhura

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa hedifoni kabla sijapewa kiti. Mkuu wa Maktaba ya Sauti, mama mfupi asiyecheka ovyo, alinisimamisha mbele ya rafu za kanda akasema, "Kijana, hapa hatupendi nyimbo wala hatuzichukii. Tunazishuku." Nikadhani ananitania. Miaka yote niliyokaa kwenye redio ile ya mjini Morogoro sikupata maelekezo ya kazi yaliyozidi hayo.

Kazi iliitwa upitishaji. Wimbo wowote ulioletwa ulisikilizwa wote kabla ya kwenda hewani. Tulitafuta matusi, mikwaruzo, sauti za kuiba, na hasa pengo, yaani ukimya usiotakiwa. Msikilizaji wa Kingolwira akikutana na pengo hudhani kituo kimezimika, anahamia kingine, harudi. Mwenzangu mmoja aliwahi kupitisha wimbo bila kuufikisha mwisho, kumbe huko mwishoni msanii kamtukana diwani. Alifungasha siku hiyohiyo. Mimi nikaapa sitanaswa.

Kisha nikahamishiwa Gairo, kwenye mnara wa kurushia matangazo, kazi yangu ikawa kukaa na jenereta. Fundi Mkuu wa huko aliamini kwamba anayeziba masikio hatajua jenereta inapoanza kuugua. Nilimwamini, jambo nisilozoea kumfanyia mtu. Niliporudishwa mjini nikapewa chumba changu na cheo cha mpitishaji mkuu.

Ndipo wakaanza kuja hawa wa muziki wa majaribio. Hawana kampuni, hawana bendi, wengine hata gitaa hawana. Wana kompyuta na waya. Wanachukua mlio wa friji, wanaurefusha, wanaupindua, wanakuletea kwenye flashi na kukuambia ni wimbo. Niliwashuku kuliko wasanii wote, maana kwao kosa la kurekodi na ufundi vinafanana. Hata hivyo wachache, nakiri, walinifanya nirudie kusikiliza bila kulazimishwa na mtu. Meneja wa Vipindi aliwatengea saa moja kila Jumamosi.

Zuhura alitoka Kinole, huko mlimani. Aliingia taratibu, akaweka flashi mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeimba nini?"

"Sijaimba. Nimewarekodi nyenje wa kwetu, nikawachanganya na sauti za kompyuta. Naomba uusikilize wote, hasa pale katikati."

Hilo la katikati lilinitia shaka. Nani humwonyesha mkaguzi pa kukagua, kama si mwenye mtego?

Mwanzo ulikuwa mzuri, ngurumo nzito kama mashine ya kusaga ikisikika toka mbali. Kufika katikati, kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya, dakika mbili nzima, ndipo ngurumo ikarudi. Nikavua hedifoni.

"Binti, umeniletea pengo."

"Pengo? Mzee, hapo ndipo nyenje wanapopiga kelele!"

"Unanipima uone kama nasikiliza?"

"Wallahi sikupimi. Kaka zangu wanataka kompyuta iuzwe, wanasema nachezea umeme. Usiporushwa Jumamosi, wanaiuza."

Nimesikia hadithi nyingi za kutia huruma zikiletwa pamoja na flashi. Niliandika kwenye fomu: *Umekataliwa, una pengo.* Akatoka bila kuaga, nami nikamwona hana adabu.

Bado nilitaka kuujua huo ujanja. Nikachomoa hedifoni, nikaurudisha wimbo katikati kupitia spika, sauti ikiwa juu vilevile. Mama Chausiku, mpika chai wetu, akaingia na sinia, akaliweka chini haraka na kuziba masikio.

"Punguza bwana! Wadudu gani hao? Wanatoboa kichwa!"

Kwanza nilifikiri amepanga na Zuhura. Kisha nikatazama mita ya sauti. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu, unatetemeka. Sisi wapitishaji wa zamani tulimdharau mtu wa kutazama mshale. Tulisema hana sikio. Mimi nilikuwa sijautazama kwa miaka.

Nikaikumbuka jenereta ya Gairo, na masikio niliyoyaacha wazi mbele yake. Kila kitu nilikishuku katika kazi ile isipokuwa masikio yangu. Fomu ilikuwa bado mezani, na kama ningeiacha vile hakuna ambaye angejua. Nikawakumbuka wengine niliowaandikia pengo, nikaona aibu. Nikaichana, nikaenda kwa Meneja wa Vipindi.

"Wimbo wa Zuhura upite. Mwenye pengo ni mimi. Sauti nyembamba za juu, kama za nyenje, sizisikii tena."

"Una hakika, mzee?"

"Muulize Mama Chausiku."

Ulirushwa Jumamosi, na kompyuta haikuuzwa. Mwisho wa mwezi nikastaafu, kabla ya wakati wangu.

Vijana wa redio hunifuata hapa Bigwa kuuliza upitishaji unafanywaje. Nawaambia washuku kila kitu, na waanzie kwao wenyewe. Wale niliowakatalia bure sijawapata wote, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Jumamosi iliyopita walirusha wimbo mpya wa Zuhura. Nilikaa na mke wangu, redio katikati yetu. Ngurumo ikaja, ikapungua, kisha kwangu kukawa kimya. Nikamtazama usoni. Alikunja uso, akainamisha kichwa, halafu akaanza kutabasamu. Nikamshuku.

"Ni mzuri kweli, au unanionea huruma?"

Hakugeuka.

"Hebu nyamaza, Baba Saidi. Nasikiliza."