Kidole gumba cha mama mkwe kwenye bangili ya titanium

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Kisa hiki nyumbani kwangu kimesimuliwa mpaka watoto wanakimalizia wenyewe. Chumvi siongezi, maana shahidi kakaa hapa pembeni anasoma ninachoandika.

Kigali, 1992. Nilikuwa fundi wa ndege uwanja wa Kanombe, nimemchumbia Zaina, binti wa mama mmoja mshonaji wa mtaa wa Gitega, hapo hapo Kigali.

Shida ilikuwa moja: Zaina alikuwa havai pambo la madini. Fedha, shaba, hata dhahabu ya kuazima, mkono unavimba na kuwasha. Na mama yake aliapa bintiye hatatoka bibi harusi mkono mtupu, watu wakasema kaolewa na maskini. (Maskini mwenyewe ndiye mimi.)

Sisi wa ndege tunaijua titanium, metali ya kuundia ndege. Nyepesi, haishiki kutu, haisumbui ngozi. Bosi akaniruhusu kuchukua kipande kilichobaki, na mzee Saidi, sonara wa Gitega, akakikunja kikawa bangili.

Ila ilikuwa na rangi ya sufuria. Mama mkwe angelia.

Nilijua ukiipitishia umeme ndani ya maji ya magadi, inageuka bluu yenyewe. Lakini kwanza uso wake uliwe na asidi, uwe safi kabisa. Ndiyo etching hiyo. Asidi yake inapenya ngozi mpaka mfupani, kwa hiyo msijaribu nyumbani. Sisi tulikuwa na kichupa kimoja, kikaisha siku hiyo.

Baada ya hapo ni marufuku kuigusa kwa mkono. Mafuta ya kidole huyaoni, lakini umeme utayaona.

Tulipomaliza kuisafisha kwa asidi, Saidi akaenda kuswali adhuhuri, akaniacha mlinzi karakanani kwake. Harusi ni kesho yake. Mara akaingia mama mkwe.

Wakuu, hebu niambieni, mama mkwe anaambiwaje usiguse? Hata kumtazama usoni nilikuwa sijazoea. Akaishika, akaisomea dua ndefu, akairudisha taratibu, akaenda zake.

Ningesema mapema, labda tungeiosha yakaisha. Nikaikagua, sikuona kitu, nikanyamaza.

Saidi akarudi, tukaunganisha betri mbili za gari. Bluu ikapanda, nzuri ajabu. Na katikati yake kidole gumba, cha kahawia, mistari yote inahesabika.

Saidi akauliza nani kaigusa. Nikaungama. Kuikwangua tuanze upya haikuwezekana, asidi hakuna. Nikampelekea Zaina hivyo hivyo, nikijua kesho atatoka mkono mtupu kwa sababu ya woga wangu.

Akaigeuzageuza, akauliza ni kidole cha nani. Nikamwambia. Akaivaa.

"Wacha ikae hivyo," akasema. "Hii ni Mama amenishika mkono."

Mkono haukuvimba. Mama mkwe siku nzima ya harusi alikuwa akiwaonyesha wageni kidole chake na kucheka. Nilimpenda sana yule mama.

Mwaka 1994 ulimchukua. Nyumba nayo ilikwenda na kila kitu, hatuna picha yake hata moja.

Tuna hiyo alama. Kila asubuhi kabla ya kutoka, Zaina huweka kidole gumba chake juu ya cha mama yake, kidogo tu, kisha anachukua mkoba.

Kwa mafundi, somo ni hili: ukiharibu kazi, sema mapema. Nawafundisha vijana hivyo, na naamini hivyo. Ila siku ile nashukuru nilikuwa mwoga.

Nanyi leteni yenu. Nani ana kosa ndani ya nyumba ambalo hakubali lirekebishwe?