Kiboksi Kilichochajiwa Kila Jumamosi

Niliondoka Babati kwa sababu ya tundu dogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Tundu hilo liko nyuma ya prosesa ya gitaa ya kwaya yetu, chombo cha kuipa gitaa milio mbalimbali, tunachokiita kiboksi, na ndilo linalokiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Ndani ya kiboksi imo milio yote aliyoitengeneza marehemu Mwalimu Yona, mpiga gitaa wetu na mtu aliyenifundisha kushika gitaa. Tangu Pasaka kiboksi kilikuwa kikiganda katikati ya wimbo. Dawa yake, nilivyoambiwa kwa simu, ni kukifuta chote na kukiwekea programu yake upya. Lakini ukikifuta bila kuitoa milio kwanza, umemzika Yona mara ya pili. Na kompyuta zote tulizozijaribu Babati zilikataa kukiona.

Jumamosi ya wiki hiyo tulikuwa tunasimika msalaba kwenye kaburi lake. Mama Furaha, mjane wake, aliomba jambo moja tu: ule mlio wa wimbo wa kuaga, ambao Yona aliutengeneza alipofiwa na mama yake, usikike siku hiyo. Mpigaji ni mimi. Nilijaribu kuutengeneza mwingine kwa kusikiliza nikashindwa, nami nikishindwa jambo huwa sikaliki. Waulizeni wanaoimba sauti ya pili, walinivumilia wiki mbili.

Jumatatu asubuhi, stendi ya Babati. Mama Furaha alikuja kunisindikiza akiwa amekibeba kiboksi ndani ya kanga. Kilikuwa kinakaa kwake tangu msiba, kwa makubaliano ya kwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiboksi hiki. Na waya wake huu hapa. Nimekichaji vizuri, kimejaa."

Nikamshukuru, nikapanda basi, nikakipakata. Maneno yake niliyasikia, ila sikuyatia maanani.

Njiani nilimkataza katakata konda asikiweke kwenye buti. Tulipofika Makuyuni, baba mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nimebeba keki. Nikamwambia ndiyo, ili aniache nipumzike. Kumbe nimejitafutia mlinzi: kila tuta lilipokaribia alimpigia dereva kelele, "Keki huku, taratibu!" na abiria wa mbele wakawa wanageuka kunitazama. Tulipofika Kisongo mlima Meru ukajitokeza, kichwa ndani ya mawingu, na yule baba akanitakia harusi njema. Nikaitikia, ningefanyaje.

Mchana niliingia Levolosi, mjini Arusha. Huko ndiko Glory aliko, rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari. Kwao ni Machame, makazi yake Sekei, na riziki yake ni kibanda cha kutengeneza vyombo vya muziki, kati ya saluni na muuza viatu vya mitumba. Mezani kwake palikuwa na kinanda kilichofunguliwa tumbo. Nilikuwa nimejiandaa kumpa kiboksi kwa heshima zote. Hata hakukigusa.

"Nipe waya kwanza," alisema.

"Tatizo ni tundu, Glory."

"Nani kakwambia?"

"Kompyuta inasema haikioni."

"Basi imesema haikioni. Haijasema tundu bovu. Lete waya."

Aliuchomeka ule waya kwenye simu yake, simu ikaanza kuchaji. Kisha akajaribu kuhamisha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, ikawa kimya, kama hakuna kilichounganishwa. Akanionyesha jinsi waya ulivyo mwembamba. "Huu ni wa kuchajia tu. Umeme unapita, data haipiti. Mngekaa nao Babati mpaka mkazeeka."

Akatoa mwingine, mnene na mfupi, akauchomeka kwenye kompyuta moja kwa moja, bila kupitia kigawanyio chake chenye matundu mengi. Kompyuta ikalia ting! na jina la kiboksi likatokea. Nilimkumbatia. Wakati huohuo mteja akaegemea meza, jina likapotea. Akaondoka mezani, likarudi. Glory akautikisa waya kidogo tu kwa kidole, likapotea tena.

Sasa ndipo alipokichukua kiboksi. Alimulika tundu kwa tochi, akalitazama kwa lenzi muda mrefu, halafu akanigeukia.

"Mnakichaji hiki?"

"Hakina betri, kinatumia umeme wa ukutani kwa adapta yake."

"Najua hakina betri. Nimeuliza kama mnakichaji."

Hapo ndipo maneno ya stendi yaliponirudia. Nimekichaji vizuri, kimejaa. Nilikaa kwenye kistuli chake bila kukaribishwa. Yona alikuwa na mazoea ya kukichomeka kiboksi kwenye kompyuta kila Jumamosi jioni, akiiweka sawa milio ya ibada ya kesho yake. Mkewe, akipita na vyombo vya chakula, aliona waya ukiingia kwenye tundu lile lile lililoko kwenye simu yake. Na chombo chenye tundu lile kinachajiwa, nani asiyejua? Yona alipofariki, akaendelea na kazi ya mumewe. Kila Jumamosi jioni alikichomeka kwenye chaja ya simu, na kwa kuwa taa ya kuchaji haikuwaka, alisukuma na kuzungusha mpaka aridhike kwamba umeme umeingia.

Nilimsimulia Glory, naye hakucheka. "Amelipanua kwa upendo," alisema, akaanza kukifunga kiboksi kwenye ile kanga ya Mama Furaha. "Risasi ya kuchomelea inayolishika tundu kwa ndani imepasuka. Naweza kulichomelea upya, lakini nikipeleka moto pale na njia za shaba zikanyanyuka, hakuna atakayeitoa hiyo milio tena. Tuitoe kwanza. Na wa kuitoa katika hali hii namjua mmoja. Anajisifu, lakini utamvumilia."

Jumanne asubuhi tulipanda mlimani kutokea Tengeru, kila mmoja na bodaboda yake, katikati ya migomba na kahawa. Nilikuwa nimeuona Meru kwa mbali miaka yote, sikujua kwamba ukiingia ndani yake baridi inanukia udongo na maziwa. Mifereji ya maji inapita pembeni mwa njia imesafishwa kama sahani. Niliona wivu, kwetu tunafukuzana na ndoo.

Mwenyeji wetu, Anaeli, ni Mmeru, mkulima wa kahawa na ndizi, na mpiga gitaa wa usharika wao. Hata hatujaketi, alishaniambia kwamba hakuna mpiga solo anayemkaribia kuanzia pale mpaka mji wa Usa kule chini. Ana kiboksi cha aina ileile ya kwetu, cha zamani, na programu yake ameitunza kwenye kompyuta. Alikileta. Pembeni mwa kiboksi ulining'inia waya mfupi kama mkia wa mbuzi, umefungwa kwenye bolti kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mwisho wa mkia tundu lake lilizibwa kwa kipande cha kandambili ya bluu.

"Tundu la kiboksi mimi siligusi," alisema. "Mkia ukishaingia umeingia, hautoki. Nachomeka kwenye mkia. Ukichoka, nanunua mkia mwingine dukani. Hiyo kandambili inazuia vumbi la kahawa. Nani mwingine angewaza hivyo?"

"Mimi ndiye niliyekuwekea mkia," Glory alimkumbusha.

"Kandambili ni yangu," alijibu.

Kisha akafanya kazi, na tangu hapo sikuwa na hamu ya kumcheka. Alikilaza kiboksi chetu kwenye sinia la mbao alilolichonga mwenyewe, akakibana kwa kabari pande zote. Aliuchomeka waya, akausogeza polepole huku jicho likiwa kwenye kompyuta, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Jina likatokea. Akaacha mkono hapohapo, akamwonyesha Glory kwa kidevu apitishe mpira juu ya waya na kuufunga kwenye sinia. Akaachia. Jina likabaki.

"Sasa hakuna kutembea," alisema. Nyumba yake ina sakafu ya mbao.

Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anaingia na loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, bakuli moja kila mkono. Alisimama mlangoni palepale. Tukatazama mstari wa kijani ukijaa kwenye kioo. Ulisimama mahali fulani katikati. Nilimwaza Mama Furaha na kanga yake. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Mstari ukaendelea, ukajaa, na Anaeli akahesabu mafaili, akayafungua moja moja kuhakikisha hakuna lililo tupu, akayanakili kwenye flashi mbili, moja yangu na moja ya Glory. Ndipo mkewe akaruhusiwa kuweka bakuli mezani. "Mikono imekufa," alisema, akacheka.

Tulipokwisha kula, Anaeli aliupakia ule mlio wa kuaga kwenye kiboksi chake, akanipa gitaa. Nilipiga ubeti mmoja. Mlio ni mpana na una mtetemo kidogo mwishoni, kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Yule bwana asiye na mpinzani mpaka Usa alisogeza kiti karibu.

"Huyu mtu hakuwa na haraka," alisema. "Ningependa kumjua."

Jumatano tulirudi Levolosi, Glory akalichomelea tundu, akakifuta kiboksi, akakiwekea programu upya na kuirudisha milio. Alikitikisa, akaipiga meza ngumi, jina halikupotea. Akakifungia mkia, na mimi nikauziba kwa kipande cha kandambili alichonipa Anaeli. Nilipiga nyimbo za kwaya mpaka jirani wa saluni akaja na wateja wenye rola kichwani, na kiboksi hakikuganda.

Alhamisi, safari ya kurudi, keki haikuulizwa. Nilikuwa na wasiwasi mwingine: nimwambie Mama Furaha au nisimwambie? Kama ningenyamaza, Jumamosi angekichaji. Kama ningesema, ningemwambia mjane kwamba mkono wake ndio ulioharibu.

Jioni nilimkuta uani kwake anapepeta mchele. Nilimweleza yote, na aliniruhusu niwaandikie nyinyi. Alisikiliza bila kuuachia ungo.

"Kwa hiyo hakikuwahi kula umeme wangu hata siku moja?"

"Hapana, mama. Hakina mahali pa kuuweka."

Alipepeta tena kidogo. Pumba zikaruka, yeye akawa anaangalia mbali.

"Nilijua taa haiwaki," alisema. "Ila ile ndiyo ilikuwa Jumamosi ya kwetu. Yeye na waya wake pale, mimi na vyombo. Sasa Jumamosi nitafanya nini?"

Nimejifunza kwa Glory kuanza na waya kabla ya kulaumu tundu, na kwa Anaeli kwamba kinachochakaa kiwe kile kinachonunulika. Hayo yote hayakunisaidia uani pale. Nilichofanya ni kumwonyesha mkia, na kandambili mdomoni mwake. Nikamwambia kwamba lazima mtu aitoe kila wiki, apanguse vumbi kwa kitambaa kikavu na kuirudisha, na kwamba mimi ni msahaulifu.

Aliuweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akakipakata kiboksi, akaitoa kandambili kwa ncha za vidole. Akapuliza, akapangusa, akairudisha na kuibonyeza mara moja tu, taratibu.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Jumamosi jioni, basi," alisema. "Ila hii ya msalaba nitaanza asubuhi, kabla ya kwenda makaburini. Njooni mkikute nimeshakitunza."

Tulisimika msalaba. Niliupiga mlio wa Yona mpaka mwisho na haukukatika. Baadaye, watu wakiwa kwenye chakula, nilimwona Mama Furaha kaketi peke yake na kiboksi magotini, anapangusa.